Bomba la Dar na makovu ya Mgeta

Wewe uliyefungua bomba Dar asubuhi ya leo, je, unajua maji hayo yametoka wapi? Sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, na Ruvu unalishwa na mito midogo ya milima ya Uluguru, Mgeta ukiwa mmojawapo. Kwa hiyo historia hii si ya Waluguru peke yao, ndugu zangu.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilipiga Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo. Haikufika hata saa tatu, lakini ilimwaga takriban milimita 100. Miteremko ikaporomoka sehemu zaidi ya 1,000. Tope likashuka mabondeni na kuzoa mashamba na nyumba. Watu sita wakafa.

Watafiti wawili, Paul Temple na Anders Rapp, wakayachunguza yale makovu. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba, malisho na ardhi iliyopumzishwa. Msituni je? Chini ya asilimia 1! Udongo wa kule ni mwembamba na umekaa juu ya mwamba. Ukishiba maji unakuwa mzito, na bila mizizi mirefu ya kuushika, unateleza.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo wa Uluguru unasombwa na maji, ikaamua dawa ni matuta makubwa. Maji yasitiririke, yazame ardhini. Kwa amri! Waluguru walikuwa na ngazi zao ndogo za kulima mteremko, lakini nani aliwauliza? Kuchimba matuta kulikula siku nyingi, na kulifukua udongo wa chini usio na rutuba. Unatoka jasho, halafu unavuna kidogo kuliko jana.

Julai 1955 watu wa Matombo, upande wa mashariki, walichoka. Zikatokea vurugu, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Mpango wenyewe ukafa.

Mkoloni angesema Mluguru ni mkaidi. Mimi nakataa. Mbona kule Mgeta matuta yalibaki? Kwa sababu Mgeta walilima mboga, wakamwagilia kwa mifereji na kuuza mjini. Tuta lililipa, basi likatunzwa. Mkulima hakuwa adui wa utaalamu. Alikuwa anapiga hesabu zake. Na mvua ya 1970 ikatukumbusha kwamba kuzamisha maji ardhini hakutoshi kwenye mteremko mkali. Miti nayo ina kazi yake.

Katika miaka ya 2000 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu njia nyingine hukohuko Uluguru: mkulima anayelinda chanzo cha maji alipwe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo pa kuanzia. Kila Ruvu inapopungua au kujaa tope, sisi wa mjini tunawanyooshea vidole watu wa milimani. Waondolewe, wakamatwe, wafundishwe. Lakini yeye akiacha kulima mteremko ili mimi nioge, watoto wake watakula nini?

Tumeshajaribu amri, na Matombo ikatujibu. Je, wewe uko tayari kuongeza shilingi kadhaa kwenye bili yako ya maji kwa ajili ya mkulima wa Mgeta? Nijibuni.