Grete Hermann na Ufa katika Uthibitisho

Mtu anapotetea jambo ambalo sisi nasi tunalikubali, mara chache tunazipima hoja zake. Mwisho ukitupendeza, njia nayo twaiona nyofu. Tumtazame mwanamke mmoja aliyekataa mazoea hayo.

Grete Hermann alizaliwa Bremen, Ujerumani, mwaka 1901. Alisoma hesabu huko Göttingen chini ya Emmy Noether, mmoja wa wanahesabu wakuu wa karne iliyopita, akapata udaktari mwaka 1925. Baadaye alivutwa na swali lililowasumbua wanafizikia. Mekanika ya kwanta, elimu inayoeleza mwenendo wa atomu, haitabiri kwa hakika mahali elektroni itakapoonekana. Yataja tu uwezekano wa kuonekana hapa au pale. Je, ziko sababu zilizofichika ambazo, kama tungezijua, zingetuwezesha kutabiri yote?

Mwaka 1932 John von Neumann, mwanahesabu mwenye sifa kubwa, alitoa kitabu ambamo alidai kuthibitisha kwamba sababu za namna hiyo haziwezi kuwapo. Wengi waliridhika.

Hermann hakuridhika. Mwaka 1934 alikwenda Leipzig kujadiliana na Werner Heisenberg na wenzake, na mwaka 1935 akachapisha uchunguzi wake. Humo alionyesha kwamba von Neumann alitegemea kanuni moja: wastani wa jumla ya vipimo viwili ni sawa na jumla ya wastani wa kila kimoja, hata kama vipimo hivyo haviwezi kufanywa pamoja. Katika mekanika ya kwanta kanuni hiyo ni kweli. Lakini nani ajuaye kama ingebaki kweli pale sababu zilizofichika zingejulikana? Kuikubali hapo bila uthibitisho ni kuweka mwanzoni kile kinachotakiwa kuthibitishwa mwishoni.

Tena tuangalie jambo hili: Hermann hakuwa mtetezi wa sababu zilizofichika. Naye aliona kwamba hazihitajiki, ila kwa hoja nyingine: baada ya kipimo kufanyika, sababu za tokeo lake zaweza kufuatiliwa ndani ya elimu hiyo yenyewe. Alikuwa upande mmoja na von Neumann, lakini hakukubali upande wake ushinde kwa hoja yenye ufa.

Sauti yake haikusikika. Wanazi walikuwa wamekwisha kumfukuza Noether chuoni mwaka 1933 kwa kuwa Myahudi. Hermann, aliyekuwa katika kundi la wasoshalisti waliompinga Hitler, aliihama nchi mwaka 1936, akaishi Denmark, Ufaransa na Uingereza. Alirudi Ujerumani mwaka 1946, akafundisha walimu mjini Bremen. Mwaka 1966 John Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Belfast, aliuonyesha ulimwengu udhaifu ule ule wa uthibitisho, bila kumtaja Hermann. Miaka zaidi ya 30 ilikuwa imepita. Hermann alifariki mwaka 1984.

Basi tujiulize katika makundi yetu: ni hoja gani tunazoziachia zipite bila kuzichunguza, kwa sababu tu msemaji ana jina kubwa, au kwa sababu yuko upande wetu? Kumpinga adui si kazi ngumu. Kumsahihisha mwenzetu tunayekubaliana naye, hapo ndipo upendo wetu kwa ukweli hupimwa.