Joto Kabla ya Maziwa

Mwezi Juni 2007, walinzi wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga walimleta Goma, mji wa Kivu mashariki mwa Kongo, mtoto wa gorila wa milimani aliyekuwa na miezi miwili tu. Walimkuta amemng'ang'ania mama yake, Rubiga, aliyepigwa risasi saa chache kabla. Usiku ule, katika nyumba ya kuhifadhia wanyama mjini, mlinzi André Bauma alimkumbatia kwenye kifua kitupu na kukaa naye hivyo. Mtoto huyo alikuja kuitwa Ndakasi.

Ilikuwa huruma, na ilikuwa pia elimu. Karibu karne nzima ya vifo vya watoto wa gorila ilikuwa imefundisha kwamba yatima anayegoma kula hana ugomvi na chakula. Amekosa mwili wa kumkumbatia.

Wafugaji wa nyoka wanalijua jambo hili kwa njia yao. Chatu aliyefungiwa anaweza kukataa panya kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Mfugaji mzoefu hakimbilii kumbadilishia panya. Anaanza na joto la sanduku, maana nyoka hutegemea joto la nje, na akipoa tumbo lake halisagi kitu. Kisha anamwekea mahali pa kujificha, anaacha kumshikashika, anangoja. Chatu anaweza kungoja kwa kuwa mwili wake hutumia kidogo sana. Mtoto wa gorila hana nafasi hiyo. Hunyonya kwa miaka mitatu au zaidi, na miezi ya mwanzo huipitisha akiwa ameshikamana na mama yake. Akipoa, nguvu ya kunyonya hupungua. Asiponyonya hukaukiwa maji, na siku chache zinatosha kummaliza.

Wazungu waliotamani kuwafuga hawakulijua hilo. Tarehe 17 Oktoba 1902, ofisa wa Kijerumani Robert von Beringe aliwapiga risasi gorila wawili kwenye mlima Sabinyo, na tangu hapo majumba ya makumbusho na bustani za wanyama za Ulaya na Marekani zikataka gorila wa milima ya Virunga. Mwaka 1925 Wabelgiji walianzisha Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ili kuwalinda. Lakini hamu ya kuwapata watoto walio hai haikuzimika. Gorila mkubwa hakamatiki kirahisi, na kundi halimwachi mtoto achukuliwe. Kila mtoto aliyeuzwa alikuwa na maiti nyuma yake.

Kisa kinachoeleza vizuri zaidi mgomo wa chakula kilitokea mbali na Kivu. Mwaka 1918 gorila mdogo kutoka Gabon alikuwa akiuzwa katika duka la London, akiwa mgonjwa na mnyonge. Meja Rupert Penny alimnunua, na Alyse Cunningham, mwanamke wa ukoo wake, akaanza kumlea nyumbani. Walimwita John Daniel. Usiku alipiga kelele mpaka walipogundua kwamba upweke ndio uliokuwa ukimtesa, na Penny akawa analala karibu naye. Hapo akaanza kula na kunenepa, akakaa mezani na watu wa nyumba. Alipokua, nyumba haikumtosha tena, wakamuuza. Mwaka 1921 alijikuta Marekani, katika maonyesho ya sarakasi, bila mtu hata mmoja anayemfahamu. Akadhoofika. Cunningham aliitwa kwa haraka avuke bahari, lakini John Daniel alikufa kabla hajafika. Chakula kilikuwapo hadi siku ya mwisho.

Somo lile lilirudi Virunga mwaka 1969, upande wa Rwanda. Mtafiti wa gorila Dian Fossey alikuwa ameanza kazi yake Kabara, upande wa Kongo, mwaka 1967. Vurugu za mwaka huo zilimtoa mlimani, akazuiliwa Rumangabo, kisha akaenda kufungua kambi ya Karisoke ng'ambo ya mpaka. Huko aliletewa watoto wawili, Coco na Pucker, waliokamatwa kwa ajili ya bustani ya wanyama ya Cologne, Ujerumani. Kwa maelezo yake, gorila kumi wazima waliuawa ili Coco apatikane. Watoto hao walifika wakiwa taabani. Fossey aligeuza chumba cha kibanda chake kuwa kipande cha msitu, akakijaza miti na majani, akawauguza mpaka wakapata nguvu. Walipopona, walipelekwa Cologne vilevile, na wote wawili walikufa mwaka 1978. Leo hakuna gorila wa milimani hata mmoja katika bustani za wanyama duniani.

Tofauti ya Goma ni kwamba hapa hapakuwa na mnunuzi aliyesubiri mwisho wa tiba.

Julai 2007, wiki chache baada ya Ndakasi kuokolewa, watu wenye silaha waliishambulia familia ya gorila iitwayo Rugendo. Dume kiongozi, Senkwekwe, aliuawa pamoja na majike, na picha ya mwili wake ukibebwa na wanakijiji ikazunguka dunia nzima. Mauaji hayo yalihusishwa na biashara haramu ya mkaa, kwa kuwa palipo na gorila msitu hulindwa, na msitu ukilindwa mkaa haupatikani. Ndeze, mtoto wa jike aliyeitwa Safari, aliletwa Goma kuungana na Ndakasi.

Ndipo ilipozaliwa kazi mpya katika mji huu: mlezi wa gorila. Bauma na wenzake waliwanywesha maziwa kwa chupa, wakacheza nao, wakalala nao. Kazi hii ina hatari ndani yake. Mafua ya kawaida ya binadamu yanaweza kumuua gorila, kwa hiyo mwili uleule unaomrudishia hamu ya kula unaweza kumletea ugonjwa. Barakoa na karantini zikawa sheria.

Goma yenyewe, yenye joto, vumbi na moshi, haikuwa mahali pa kukulia gorila wa milimani. Mwisho wa 2009 wawili hao walihamishiwa Kituo cha Senkwekwe huko Rumangabo, kando ya msitu, kilichopewa jina la dume aliyeuawa. Wengine walifuata. Mwaka 2011 walinzi walimnasua mtoto wa gorila wa tambarare ya mashariki aliyekuwa akitoroshwa ndani ya begi la mgongoni, akaitwa Shamavu. Kaboko, aliyepoteza mkono kwa mtego, alikufa 2012, vita vya waasi wa M23 vikiwa vimefika Rumangabo. Bauma alibaki na wanyama wake wakati wengine wakikimbia, na kubaki kwake kunastahili kuandikwa katika historia ya Kivu pamoja na habari za majenerali. Ndakasi aliishi miaka 14. Alifariki tarehe 26 Septemba 2021, baada ya ugonjwa wa muda mrefu.

Kituo kingine, GRACE, kilifunguliwa Kasugho, Kivu Kaskazini, mwaka 2010 kwa ajili ya gorila wa tambarare ya mashariki, na hapo elimu ya kifua kitupu imepiga hatua nyingine. Binadamu humshika yatima katika siku za kwanza, kisha humkabidhi kwa kundi la gorila, ambamo jike mkubwa kama Pinga huchukua nafasi ya mama. Kwa kumtazama, mtoto hujua shina lipi linamenywa na jani lipi linaachwa, jambo ambalo mlezi mwenye chupa hawezi kulifundisha vyema. Oktoba 2023 majike wanne wa GRACE, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, walipelekwa Mlima Tshiaberimu ndani ya Virunga, mahali ambapo gorila walikuwa wamebaki wachache kiasi kwamba ukoo wao ulikuwa hatarini kukatika. Walikaa mwaka mzima katika eneo lenye uzio wakizoea baridi na majani ya huko. Oktoba 2024 uzio ulifunguliwa, nao wakajiunga na kundi la dume Mwasanyinya.