Kufuli la Dirishani: Yaliyotokea London Mwaka 1851



Mzazi akiingia chumbani akamkuta kijana wake ameinama mezani, mkononi ana kufuli na vyuma viwili vyembamba, ni lazima moyo ushtuke. Fikira ya kwanza ni wizi. Lakini wapo watu ambao kuchokonoa makufuli ni mchezo wao wa akili, kama wengine wanavyopenda bao au sataranji. Hununua kufuli gumu kwa pesa zao, wakalichunguza, wakajaribu kulifungua bila ufunguo na bila kulivunja. Je, jambo hili lina faida, au ni kuwafundisha watoto njia za wezi? Swali hili lilizua mabishano makubwa London mwaka 1851, na kisa chake kina mafunzo kwetu hadi leo.

Tuanze na kufuli lenyewe. Mwaka 1784 fundi Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya kitasa cha aina mpya. Ufunguo wake ulikuwa kama kibomba kifupi, wenye mikato ya vina mbalimbali kwenye ncha. Ukiusukuma ndani, kila mkato unabana kipande kimoja chembamba cha chuma chenye kurudishwa na springi. Kila kipande lazima kiingie kwa kina chake hasa. Kikizidi au kikipungua kidogo tu, kitasa hakizunguki.

Bramah aliamini kazi yake kiasi kwamba kufuli moja la namna hiyo, lenye vipande 18, liliwekwa kwenye dirisha la duka lake mtaa wa Piccadilly. Pembeni palikuwa na tangazo: atakayetengeneza chombo cha kulifungua atalipwa guinea 200, yaani pauni 210. Bramah alifariki mwaka 1814, na kufuli lake likabaki dirishani halijafunguliwa.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1818 Jeremiah Chubb alipata hataza ya kitasa kilichoweza kutoa habari za mwizi. Ndani mlikuwa na vibapa vya chuma vinavyoinuliwa na ufunguo. Mtu akichokonoa na kuinua kibapa kimoja kupita kiasi, kitasa kinajibana, na mwenye mali akija na ufunguo wake anajua kuwa kuna aliyejaribu. Inasimuliwa kwamba mfungwa mmoja huko Portsmouth, ambaye alikuwa fundi vitasa, aliahidiwa msamaha wa serikali na pauni 100 iwapo atakifungua. Alihangaika miezi kadhaa, akakata tamaa.

Kwa hiyo watu wa London walilala usingizi mzuri. Mabenki na wenye maduka waliamini kwamba vitasa hivyo havifunguliki. Lakini waliamini kwa sababu walikuwa wameambiwa hivyo, si kwa sababu walikuwa wamepima wenyewe.

Mwaka 1851 yalifanyika London Maonyesho Makubwa ya bidhaa za mataifa. Miongoni mwa waliokuja ni Mmarekani Alfred Charles Hobbs, mwakilishi wa kampuni ya vitasa ya Day and Newell ya New York. Hobbs alitangaza wazi kwamba vitasa vya Waingereza vinaweza kufunguliwa. Tarehe 22 Julai, katika nyumba moja huko Westminster, aliwaita mashahidi mbele ya mlango wa chuma wenye kitasa cha Chubb. Kwa takriban dakika 25 mlango ulikuwa wazi. Kisha akaufunga tena kwa muda wa dakika 7 hivi, na kitasa hakikuwa na jeraha lolote.

Baada ya hapo akaligeukia kufuli la Bramah. Tunaomba wasomaji wazingatie namna jambo hili lilivyofanywa. Hobbs hakuja usiku kwa kificho. Aliandikiana masharti na warithi wa Bramah, wakachaguliwa waamuzi, akapewa siku 30 na chumba ndani ya jengo lao. Kufuli lilifunikwa kwa mbao, likaachwa wazi tundu la ufunguo tu. Alifanya kazi kwa jumla ya saa 51 hivi, zilizogawanyika katika siku 16. Mwezi Agosti kufuli likafunguka. Waamuzi wakalijaribu kwa ufunguo wake halisi, likafanya kazi kama kawaida. Warithi walilalamika kwamba hakuna mwizi anayeweza kupata muda na nafasi kama hiyo, na kwa hilo walikuwa na hoja. Hata hivyo walilipa guinea zao 200.

Magazeti yalichachamaa. Wako waliosema Hobbs amewafundisha majambazi kazi. Jibu la waliomtetea lilikuwa jepesi: wezi hujifunza udhaifu wa vitasa mapema kuliko sisi, na asiyeujua ni mnunuzi mwaminifu peke yake. Kuficha kasoro hakumzuii mwizi. Kunamzuia mwenye nyumba asichukue tahadhari.

Na yaliyofuata yaliunga mkono jibu hilo. Mafundi walirudi karakanani kurekebisha vitasa vyao. Hobbs naye hakusalimika. Kitasa cha kampuni yake, alichokisifu sana, baadaye kilifunguliwa na Mmarekani mwenzake, Linus Yale mdogo. Yale huyu ndiye aliyepata hataza mwaka 1861 na mwaka 1865 za kitasa cha pini chenye ufunguo mdogo bapa. Tazama funguo zako za nyumbani: bila shaka upo wenye meno wa aina hiyo. Ndani ya kitasa chake pini hukaa katika safu, na ufunguo wa kweli huziinua zote kwa kipimo sawasawa. Kwa kuwa hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza kila kitu bila tofauti hata ndogo, mchokonoaji huzitafuta pini moja baada ya nyingine kwa kuzihisi vidoleni. Ndiyo sababu mafundi waliendelea kubuni. Mwaka 1907 Emil Henriksson wa Finland alibuni kitasa cha visahani vinavyozunguka, kisicho na springi za kuhisiwa, na hadi leo makufuli ya jamaa hiyo yanahesabiwa miongoni mwa yale magumu.

Mchezo wenyewe pia ulipata taratibu zake. Ujerumani wapenzi wa vitasa walianzisha chama chao mwaka 1997, na nchi nyingine zikafuata. Miongoni mwao masharti mawili yanajulikana sana. La kwanza, usifungue kufuli lisilo lako bila idhini ya mwenyewe. La pili, usichokonoe kufuli linalotumika, hata kama ni lako, kwani unaweza kuliharibu na kujifungia nje.

Basi tumjibu yule mzazi. Kilichomtofautisha Hobbs na mwizi hakikuwa vyuma alivyoshika. Kilikuwa idhini, mashahidi, na kumrudishia mwenye mali kufuli lake likiwa zima pamoja na habari ya kweli juu yake. Kwa lugha yetu, hiyo ni amana. Kabla ya kumnyang'anya kijana kufuli, muulize: hili ni la nani? Nani amekuruhusu? Ukigundua kasoro, utamwambia nani kwanza? Akijibu vizuri, mwache aendelee, tena kaa naye mezani. Subira ya kutafuta pini moja kwa saa nzima ni mazoezi mema kwa akili yake. Na akishindwa kujibu, hapo kuna somo la kuanza nalo kabla ya somo la vitasa.

Kuhusu kufuli la Bramah, bado lipo. Limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi mjini London, na anayefika huko anaweza kuuliza habari zake.

Tukutane tena, Insha Allah.