Muziki wa Eastlands Ulikuwa Njiani Kabla ya Mtandao

Kila kundi la vijana kutoka Umoja, Kayole au Dandora, mitaa ya Eastlands mashariki mwa Nairobi, linapotoa wimbo ukaimbwa nchi nzima kabla ya juma kwisha, watu husema mtandao umewagundua. Neno hilo halifai. Kinachogunduliwa ni kile kilichokuwa kimefichika, na muziki wa Eastlands haukuwahi kufichika kwa wanaoishi nao ukuta kwa ukuta. Umetikisa madirisha ya ploti kwa miongo mitatu. Ukifuatilia historia yake hatua kwa hatua, utaona kwamba intaneti ilipofika mitaa hiyo ilikuta tayari kuna njia za kusambaza wimbo, wasikilizaji waliozoea kuhukumu bila kusubiri ruhusa ya mtangazaji, na lugha iliyojengwa kwa kucheza na maneno. Ilichofanya ni kuhesabu. Na kwa kuwa ndiyo iliyohesabu, ikapewa sifa ya uvumbuzi ambayo ni ya mitaa.

Tuanze na mitaa yenyewe. Pumwani ilipangwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika jijini Nairobi, na Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940, ikiwa na ukumbi wake wa jamii uliokuwa wa mikutano ya siasa na wa dansi pia. Zama hizo santuri za mfululizo wa GV, zilizobeba muziki wa Kuba, zilikuwa zimeenea Afrika, na wapiga gitaa wa hapa wakazisikiliza, wakatoa humo rumba ya Kiswahili. Baada ya uhuru jiji likapanuka kuelekea mashariki. Buruburu na Umoja zikajengwa miaka ya 1970, na mradi wa viwanja vya Dandora ukaanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kila mwenye kiwanja akipewa maji na choo, kisha ajijengee vyumba vilivyobaki. Mpangilio huo una maana kubwa kwa muziki kuliko inavyodhaniwa. Mwenye kiwanja alijenga vyumba vya kupangisha, na ploti moja ikakusanya familia za Wajaluo, Wakikuyu, Waluhya na Wakamba, bomba moja la maji, uwanja mmoja wa kuanikia nguo. Watoto waliokulia hapo walihitaji lugha isiyokuwa ya mzazi wa yeyote kati yao. Sheng, Kiswahili cha mtaani kilichochanganywa na lugha nyingine, ilikuwa imeshaanza kuota Eastlands, na ploti zikaipa mbolea. Lugha ambayo neno la mwaka juzi tayari limezeeka humfunza kijana kuunda maneno kila siku, na huo ndio ustadi anaouhitaji mchanaji wa rap.

Ndiyo maana Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, walipotoa "Tafsiri Hii" mwaka 1997, kilichowashangaza wengi ni kwamba rap ingeweza kusimama kwa Kiswahili cha mtaani bila kuazima lafudhi ya Marekani. Karibu nao likakua kundi kubwa la Ukoo Flani Mau Mau. Mwaka 2000 produsa Clemo na mchanaji Jua Cali wakaanzisha Calif Records, studio iliyochukua jina la mtaa wa California, kando ya Eastleigh. Hata jina la Jua Cali limefumwa humo humo: ni jua kali la fundi anayegonga mabati nje, na ni California ya nyumbani. Calif ikazaa mtindo wa genge, na Nonini na Jua Cali wakaupeleka mbali. Haya yote yalitokea kabla YouTube haijakuwepo, maana YouTube ilianza 2005.

Mtu anaweza kusema kwamba basi sifa ni za redio za FM. Ni kweli kwa kiasi. Capital FM ilipoanza kutangaza 1996 ilivunja ukiritimba wa redio ya taifa, na vituo vilivyofuata vilihitaji nyimbo za kujaza saa zao. Lakini vituo vingi vya mwanzo vilielekeza sikio Marekani na Uingereza, na wimbo wa Sheng ulipewa nafasi baada ya mtaa kuukubali. Uliukubali wapi? Ndani ya matatu.

Matatu ya Eastlands, ile nganya iliyochorwa kuanzia bampa hadi dari, ilikuwa kituo cha redio kinachotembea. Tazama kazi yake ilivyo. Deejay wa mtaani anakusanya nyimbo na kuziunganisha katika mixi ya saa moja hivi. Mixi inawekwa kwenye CD, na miaka ya baadaye kwenye flashi, inakabidhiwa dereva au konda, inachomekwa chini ya dashibodi. Spika zimefungwa chini ya viti, kwa hiyo besi humfikia abiria kupitia mgongo kabla haijafika masikioni. Gari la 58 linatoka mjini kwenda Buruburu, linakwama Jogoo Road, na abiria hawana pa kwenda: wimbo mpya wanausikia mwanzo hadi mwisho wapende wasipende. Wakiupenda, konda anaona mabega yanavyocheza, anaurudisha. Wanafunzi wanasubiri gari fulani na kuyaacha mengine yapite kwa sababu ya mixi yake, na kwa mwenye gari hizo ni pesa zinazoonekana. Hapo kuna uteuzi, kuna marudio, kuna kipimo cha kupendwa, na kuna malipo kwa anayechagua vizuri. Kila kitu ambacho leo tunakisifia kama werevu wa majukwaa ya mtandaoni kilikuwa kikifanyika Jogoo Road kwa macho ya konda.

Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika pwani ya Kenya mwaka 2009, na miaka iliyofuata bundles zikaingia kwenye bajeti ya kijana wa kawaida. Studio nayo ikaingia chumba cha kulala: kompyuta, maikrofoni moja, blanketi ukutani la kuzuia mwangwi. Mwaka 2018 vijana wanne wa Umoja wanaojiita Ethic wakapandisha "Lamba Lolo" kwenye YouTube, video iliyopigwa mtaani bila magari ya kukodi wala nyumba ya kifahari. Wimbo huo una ubunifu ambao haujasifiwa vya kutosha. Kila mmoja ana sauti yake na mwendo wake, hakuna anayejaribu kufanana na mwenzake, na wanapokezana kama watu wanaobishana kibarazani. Mwaka uliofuata Sailors wakatoa "Wamlambez", wimbo uliojengwa juu ya mwito na jibu: mmoja anatupa neno, umati unarudisha. Ni ufundi wa ngoma za arusi na wa konda anayeita abiria, na ndiyo sababu ulivuka kutoka simu hadi uwanja wa mpira bila kufundishwa mtu. Mtindo ukaitwa gengetone, genge ya Calif ikiunganishwa na reggaeton. Jina lenyewe linataja wazazi wake wawili.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza hutokea. Huambiwa kwamba gengetone ni nakala ya muziki wa Puerto Rico, kwa hiyo hakuna uvumbuzi wa kuzungumziwa. Mdundo huo kweli ni wa kuazima, lakini tuulize ulikoanzia. Mapigo ya reggaeton yanarudi hadi "Dem Bow" ya Shabba Ranks, Mjamaika, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yakapitia kwa waimbaji wa Panama na Puerto Rico, yakapata Kihispania, ndipo yakafika Umoja. Eastlands ilikuwa imelelewa na muziki wa Jamaika ndani ya matatu muda huo wote, kwa hiyo mdundo ulipofika kwa njia ya Kihispania ulipokelewa kama ndugu. Kama kuazima kunafuta uvumbuzi, itabidi tuifute pia rumba ya wazee wetu iliyotoka kwenye santuri za Kuba. Cha kupima ni kilichoongezwa, na kilichoongezwa hapa ni Sheng, mpangilio wa sauti za kupokezana na ucheshi wa ploti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halijibiwi kwa kuzungusha maneno. Mwezi Novemba 2019 Ethic walitoa "Tarimbo", wimbo uliolaaniwa kwa kusherehekea ubakaji. Bodi ya Kuainisha Filamu, chini ya Ezekiel Mutua, ikataka uondolewe, ukaondolewa YouTube, na kundi likaomba radhi. Waliolaani walikuwa sahihi. Wanawake wa mitaa hiyo hiyo ndio wanaopita vichochoro usiku, na hakuna ubunifu wa mdundo unaoweza kusawazisha hilo. Tunajifunza hapa kwamba mlango ulioachwa wazi hauna mwenye kusema ngoja kwanza. Mtaa ulikuwa na vizuizi vyake, mama aliyepanda gari na konda aliyeogopa kumpoteza abiria. Mtandao ulichukua kazi ya konda ya kueneza, ukaacha ile ya kuona aibu.

Kisha kuna wanaosema gengetone ilikufa upesi, ikapoa kufikia 2021, hivyo ilikuwa moto wa mabua. Waangalie arbantone, mtindo ulioshika mitaa kuanzia mwishoni mwa 2023. Watengenezaji wake wanachukua midundo ya zamani ya Jamaika na nyimbo za Kenya ambazo wazazi wao walizicheza, wanakata kipande, wanakiongeza kasi, wanampa mchanaji wa leo. Mnamo Juni 2024 "Anguka Nayo" ya kundi la Wadagliz, wimbo wa kuchezwa tu, ukawa wimbo wa vijana waliokuwa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Mitindo ya Eastlands huishi miaka mitatu au minne kisha inayeyushwa na kumiminwa upya, kama chuma cha mafundi wa soko la Gikomba kinachokuwa jiko leo na sanduku kesho.

Lakini ili kukata kipande cha wimbo wa zamani ni lazima wimbo huo upatikane, na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo. Produsa wa arbantone anautoa mtandaoni, ambako mtu asiyejulikana aliupandisha kutoka kanda au CD yake, mara nyingi bila mwaka, bila jina la aliyepiga kinanda, bila jina la studio. Mtu huyo ndiye mhifadhi wetu mkuu wa muziki wa Eastlands, naye anaweza kufuta ukurasa wake leo usiku. Mfano bora wa uhifadhi upo. Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki 2018, ana mjukuu wa jina hilo hilo, KMRU, ambaye mwenyewe ni mwanamuziki wa sauti za kielektroniki anayefahamika Ulaya. Mjukuu anazitoa upya rekodi za babu yake kupitia Bandcamp, majina na tarehe zikiwemo. Mixi za nganya hazina mjukuu wa kuzifanyia hivyo. Zile za 2003, ambazo ndizo zilizopima genge kabla redio haijaikubali, zilichomwa kwenye CD zilizoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na zilizosalia huenda ziko kwenye droo za madereva wastaafu wa Umoja na Buruburu, zikikwaruzika.