Majimaji Katika Mazungumzo Yetu

Injili ya Luka inatueleza habari za wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau, huku wakizungumza juu ya mambo yote yaliyotukia. Waliporudi Yerusalemu usiku ule waliwakuta wenzao nao wakisimuliana. Ndivyo Kanisa lilivyopata kumbukumbu yake ya kwanza ya Ufufuko: watu walisikilizana kabla hakijaandikwa kitu.

Sisi Wakristo wa Tanzania tunayo habari ambayo kwa muda mrefu hatukuizungumza hivyo. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa akiwa safarini katika nchi ya Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Peramiho, misheni aliyoianzisha mwaka 1898, ilichomwa moto muda mfupi baadaye. Kanisani habari hiyo imesimuliwa kama habari ya waliokufa kwa ajili ya imani. Nyumbani kwa Wangoni wazee walisimulia jingine: manduna na wapiganaji walionyongwa Songea mwezi Februari 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji ule una jina lake, alinyongwa siku chache baada ya wenzake. Mtoto wa Peramiho aliweza kuyasikia masimulizi yote mawili katika juma moja, moja kwa katekista na moja kwa babu yake, na wala wasimulizi wenyewe wasikutane.

Lipo jambo linalopita katikati ya masimulizi hayo. Kabla ya kunyongwa, padre wa Kibenediktini aliingia gerezani akawafundisha waliohukumiwa, na baadhi yao wakabatizwa. Hawa tuwaweke upande gani? Wapo watakaosema ubatizo ulikuwa wa hofu, kwa kuwa kamba ilikuwa tayari imefungwa. Inawezekana. Lakini mnyang'anyi wa pale Kalvari naye hakuwa na muda, na hatujapata kumsikia mhubiri akimkataa.

Kumbukumbu ya vita hivyo imebadilika kadiri wazungumzaji walivyobadilika. Mwaka 1956 Mwalimu Nyerere aliitaja Majimaji mbele ya Umoja wa Mataifa kama ushahidi kwamba wananchi hawakuwahi kuukubali utawala wa kigeni. Mwaka 1968 na 1969 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya wazee. Kazi yao ilikuwa njema mno, maana wazee wale wasingeishi milele. Hata hivyo mzee anayeulizwa na kijana wa taifa huru huona kwanza yale yanayomfaa kijana huyo: umoja, ushujaa, ile dawa ya maji. Habari za ndugu waliokuwa askari wa Mjerumani, au waliomwonyesha njia, hazitoki haraka kinywani.

Tena iko njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na walio wengi katika waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Baadhi ya makadirio yanafikia watu 300,000. Njaa haina nduna wala askofu, basi haina siku yake, ingawa karibu kila ukoo wa kusini ulizika watu kwa ajili yake. Kwetu sisi hili ndilo pengo kubwa kuliko yote. Tunaomba kila mwaka kwa ajili ya marehemu wote, lakini hatujawahi kusikia wafu wa njaa hiyo wakitajwa katika maombi.

Mwaka 1980 makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa Songea. Tarehe 1 Novemba 2023, sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika hapo, akakutana na wajukuu wa Songea Mbano na kuomba msamaha. Inasimuliwa kwamba kichwa cha Mbano kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake unauliza kiko wapi, na swali hilo lililokuwa la nyumbani sasa linaulizwa mbele ya wageni.