CHUPA NA KOPO: KESI YA ZAMANI

Ndugu zangu wazee wa shule, na ninyi vijana mlioko madarasani ambao makala haya mtayasoma kama somo la kemia tu, upo ubishi mmoja usiokosa kuzuka watu wazima wanapokaa mezani: je, bia ya chupa ni tamu kuliko ya kopo? Watetezi wa chupa husema kwamba kopo lina ladha ya bati. Shitaka hilo halikuzuka hivi hivi.

Bia ina uchachu, nayo ikigusana na chuma kitupu huharibika ladha. Tena ina gesi. Makopo ya chakula ya siku zile yalistahimili mgandamizo wa ratili 25 hadi 35 kwa inchi ya mraba, hali bia inapopashwa moto ili kuua vijidudu hufikia ratili 80. Kopo likifanyiwa hivyo hupasuka. Kisha Marekani ikapiga marufuku pombe tangu mwaka 1920 hadi 1933, na shauri zima likalala.

Marufuku ilipokwisha, American Can Company ilikuwa na kopo imara lililopakwa utando ndani, ili bia isikutane na chuma. Lakini nani angehatarisha jina lake? Kiwanda cha Gottfried Krueger cha Newark kilibembelezwa kwa kufungiwa mitambo bure, na biashara ikianguka kisidaiwe hata senti. Kikakubali, ila bia hiyo ikapelekwa kuuzwa Richmond, Virginia, tarehe 24 Januari 1935, mbali kabisa na kwao, ili aibu ikitokea isifike nyumbani. (Werevu wa wafanyabiashara hao!) Wanywaji waliipenda. Kabla mwaka haujaisha, kiwanda cha Felinfoel huko Wales, karibu na mji wa Llanelli uliokuwa ukiishi kwa kazi ya mabati, nacho kikatoa makopo yake, yenye shingo na kizibo mfano wa chupa.

Basi tangu hapo shitaka la bati limepungua nguvu. Na chupa je? Adui yake ni mwanga. Maua ya hopsi ndiyo yanayoipa bia uchungu wake. Mwanga ukiyapiga yale yaliyomo katika bia, huvunjika na kuzaa kitu chenye salfa kinachonuka kama kicheche. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na ile nyeupe karibu haizuii kitu. Kopo halipitishi mwanga hata chembe. Mwenye duka anayepanga chupa za kijani juani anauza uvundo, wala asisingizie kiwanda.

Mwaka 2016 wataalamu walifanya jaribio Edinburgh. Walioona bia yao ikimiminwa kutoka kwenye chupa waliisifu kuliko walioona ikitoka kwenye kopo. Waliofichwa ilikotoka hawakuona tofauti.

Kwa hiyo mimi nasimama upande wa kopo, ijapokuwa najua nitapigiwa kelele. Anayelinywea kopo lenyewe hugusa ukingo wake kwa midomo na kunusa bati kabla ya bia. Na aimimine katika bilauri safi, kisha aniambie. Chupa zetu za kahawia zinazorudi kiwandani kujazwa tena zina sababu njema ya kupendwa, lakini sababu hiyo ni ya mfukoni.