Mulbadaw: Kijiji Kilichoambiwa Hakijapewa Ardhi

Kijiji kinawezaje kushindwa kesi ya ardhi kinayoishi juu yake? Tuanzie Basotu, wilayani Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, lilipanua mashamba ya ngano huko kwa msaada wa Kanada, hadi yakafika takriban ekari 100,000. Kwa Wabarbaig hayo yalikuwa malisho yao bora. Humo pia yalikuwamo makaburi ya wazee waliozikwa kwa heshima, bung'eda, na trekta zikalima juu ya baadhi yake.

Halmashauri ya kijiji cha Mulbadaw ikaishtaki NAFCO Mahakama Kuu, Arusha, ikashinda. NAFCO ikakata rufaa. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu, na hapo ndipo mimi hukwama kila nikisoma. Halmashauri, ilisemwa, haikuthibitisha kwamba wilaya iliigawia ardhi ile. Kumbe kusajiliwa kuwa kijiji si kupewa ardhi! Na wanakijiji waliodai haki ya kimila walitakiwa kwanza wathibitishe kuwa ni "wenyeji", yaani Waafrika, kwa maana ya sheria ya ardhi ya 1923 tuliyoachiwa na Mwingereza. Hebu fikiria, Mbarbaig wa Hanang anaulizwa ushahidi wa Uafrika wake.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyozikabidhi halmashauri za vijiji usimamizi wa ardhi yao, ilipitishwa 1999. NAFCO ilikuwa imeshavuna ngano ya misimu mingi.